Kifuniko kilitolewa na nani? Kiingereza cha ripoti na mutu mwenye hatajwi

Soma kwanza hizi fraze ine. Zinatoka kwa ripoti ya ajali ya kampuni moja ya hapa kwetu yenye sitataja jina. Ripoti iliandikwa kwa Kiingereza, kama vile zote siku hizi:

"The guard was removed. The machine was started. The worker was injured. The worker failed to follow the procedure."

Maana yake: kifuniko kilitolewa, mashine ikawashwa, mufanyakazi akaumizwa, mufanyakazi hakufuata utaratibu. Mashine yenyewe ni ule mukanda wa kupeleka mawe, wenye unatembea muchana na usiku. Huyu baba alikuwa anasafisha chini yake, ukamukamata mukono wa kuume. Vidole viwili vikaenda. Juma mbili kisha, akiwa angali ku hospitali, bibi yake akaletewa barua ku nyumba: faute lourde, kontra imekatwa.

Sasa angalia vizuri. Mule ndani ya ripoti ni nani mwenye anafanya kitu? Fraze tatu za kwanza hazina mutu. Kifuniko kilitolewa, sawa, na nani? Mashine iliwashwa, na nani? Kufika fraze ya ine, gafula mutu anatokea, na huyo mutu ni yule mwenye aliumia. Katika ripoti yote, mwenye alifanya jambo ni yeye peke yake. Mukubwa mwenye anasoma mbio ku bureau, kahawa mukononi, anafika mwisho na kusema: kumbe kosa ni la huyu. Na hakuna uongo hata mumoja mule. Kila fraze ni kweli.

Sisi wa sendika tulizoea kubishana juu ya franga, saa za kazi, mabuti na kaske. Grammaire tuliachia walimu. Lakini tangu ripoti zinakuja kwa Kiingereza, grammaire imeingia ndani ya kazi yetu, na inaweza kumutosha mutu kwa kazi.

Wenye walifika humanités wanakumbuka voix active na voix passive. Kwa Kiswahili ya buku tunasema kauli ya kutenda na kauli ya kutendwa. Kiingereza kinafanya hivi. "The supervisor started the machine": shefu wa poste aliwasha mashine. Mwenye kutenda anasimama mbele, wazi. Geuza: "The machine was started by the supervisor." Mashine imekuja mbele, verbe imechukua "was" pamoja na umbo lake la tatu (started, removed, broken, given), na shefu amesukumwa nyuma, kisha kile kineno kidogo "by". Mupaka hapo hakuna mutu amepotea, amebadilisha tu kiti. Lakini Kiingereza kinaruhusu kukata mukia: "The machine was started." Nukta. Shefu hayuko tena. Na grammaire iko sawa kabisa, mwalimu atakupa 10 juu ya 10.

Basi ukiona "was", "were", "is", "has been", "had been", "will be" ao "must be", na kisha verbe ya umbo la tatu, simama. Weka kidole hapo. Tafuta "by". Kama hakuna, andika kando kwa bic: na nani?

Angalisho moja, juu vijana wetu wanajikwaa hapo. Si kila "was" ni ya kutendwa. "The worker was moving the pipe" maana yake alikuwa anasukuma bomba, yeye mwenyewe. "The worker was moved" maana yake walimuhamisha. Herufi chache tu ku mwisho, "-ing" ao "-ed", na mutu anatoka ku mwenye kufanya anakuwa mwenye kufanyiwa. Ukisoma ripoti na telefone yenye kioo imepasuka, unaweza kukosea pale.

Mutu atasema: hii ni hila ya wazungu na wachina, sisi hatuna. Tuko nayo. Mutu wa Kolwezi ao Likasi hasemi mara mingi "alifukuzwa". Anasema "balimufukuza". Ba nani? Hakuna mwenye anauliza. Ile "ba" yetu ni ndugu ya "on" ya Kifaransa: on l'a renvoyé. Kila luga imejijengea pahali pa kuficha mutu, na sisi tunapatumia kila siku ku nyumba: "Banakula mukate!" Watoto wote wanaangalia chini.

Tena Kiswahili kiko na jambo moja zuri lenye Kiingereza hakina. Sisi tunaachanisha kukatwa na kukatika. Kamba ilikatwa: kuko mutu mwenye kisu. Kamba ilikatika: ni kamba yenyewe, uzee, uzito. Mwingereza anasema tu "the rope broke", na hiyo, kwa grammaire, ni kauli ya kutenda! Kamba ndiyo sujet. Vile vile "the wall collapsed", ukuta ulianguka, na "an accident occurred", ajali ilitokea. Hakuna "was" hata moja mule, wala umbo la tatu. Lakini mutu amefichwa zaidi kuliko ku kauli ya kutendwa, juu ku kutendwa unaweza bado kuuliza "by whom?" na swali linaingia. Jaribu kuuliza "an accident occurred by whom?" Haiingii. Mwenye kuandika ripoti kwa ujanja wa kweli hatumii passive, anatumia "occurred". Kwa hiyo kuwinda "was" peke yake haitoshi.

Kuko mwandishi mumoja Mwingereza, George Orwell. Mwaka wa 1936 alikwenda kaskazini ya Uingereza kuona maisha ya wachimbaji wa makaa, akashuka nao chini ya udongo, akaandika kitabu juu yao chenye kilitoka 1937. Mutu kama huyo mimi namusikiliza. Mwaka wa 1946 aliandika juu ya siasa na luga ya Kiingereza, akatoa kanuni kadhaa, na moja inasema: usitumie kauli ya kutendwa pahali penye unaweza kutumia kauli ya kutenda. Walimu wa Kiingereza wamemucheka sana, juu katika maandishi yale yale yeye mwenyewe anatumia kutendwa tena na tena. Mimi naona kanuni yake ni kali kupita kiasi, lakini alijua penye mwiba iko. Mwaka wa 1987, mwezi wa kwanza, Rais Reagan wa Marekani alisimama mbele ya bunge lao. Kulikuwa kelele juu ya silaha zenye serikali yake iliuzisha Iran kwa siri. Akasema makosa makubwa yalifanywa. Yalifanywa! Fraze hiyo imekuwa mufano wa mashuleni mupaka leo.

Kwa sisi wa mine mufano wenye unauma ni Marikana, Afrika ya Kusini, tarehe 16 mwezi wa munane 2012. Wafanyakazi wa mine ya platini walikuwa mu mugomo. Polisi wakapiga masasi. Watu 34 wakakufa siku ile. Sasa jambo hilo moja unaweza kuliandika namna ine:

"Police killed 34 miners." Polisi waliua wachimbaji 34.
"34 miners were killed by police." Wachimbaji 34 waliuawa na polisi.
"34 miners were killed." Wachimbaji 34 waliuawa.
"34 miners died." Wachimbaji 34 walikufa.

Hakuna hata moja yenye ni uongo. Lakini soma toka juu kwenda chini, polepole, na utaona polisi wanatoka ndani ya habari hatua kwa hatua, mupaka ku ya ine inaonekana kama wachimbaji walikufa kwa malaria. Wazee wetu wa Union Minière wanajua jambo hilo. Mwezi wa kumi na mbili 1941, hapa Élisabethville, askari wa koloni walipiga masasi wafanyakazi wenye walikuwa mu mugomo wa mushahara. Ukisikia mutu anaelezea ile siku kwa kusema tu "batu balikufa", umuulize na yeye.

Mara ya pili ya zile ine, yenye iko na "by police", ni ya kutendwa, na mimi siioni mubaya. Wenye kufa wako mbele, wenye kuua wametajwa. Kauli ya kutendwa iko na kazi yake ya haki. "Helmets must be worn", kaske zivaliwe: kila mutu anavaa, hakuna haja ya kutaja. "The cable was stolen during the night": mwizi hajulikane, utaandika nini ingine? Na sisi pia ku sendika tunaitumia kwa makusudi. Tukiandika "The committee was informed that the brakes were not repaired", komite ilijulishwa kama freni za lori hazikutengenezwa, hatutaki kabisa mutu aulize "by whom?" Yule chauffeur mwenye alituambia, iko na watoto sita. Tukiandika jina lake ku kauli ya kutenda, mwezi wenye kuja hayuko tena ku kazi. Patro wanaficha mwenye kufanya, sisi tunaficha mwenye kusema. Mimi sioni kama ni sawasawa: mumoja anakimbia jukumu, mwingine anakimbia njaa. Lakini silaha ni moja, tuikubali.

Turudilie yule baba wa mukanda. Delege wake hakubishana juu ya vidole wala juu ya huruma. Aliandika kwa Kifaransa, luga ya serikali ya inchi yetu, maswali matatu: kifuniko kilitolewa na nani? Mashine iliwashwa na nani? Utaratibu wenye hakufuata, alifundishwa na nani, siku gani, kwa luga gani? Jibu lilikawia. Kisha ikajulikana: kifuniko kilitolewa na watu wa sous-traitant ku poste ya mbele, hawakukirudisha. Mashine iliwashwa na shefu wa poste, bila kuangalia chini. Utaratibu uko kwa Kiingereza, umebandikwa ku ukuta, na hakuna karatasi hata moja yenye saini ya huyu baba. Barua ya kumukata kontra ikaondolewa. Leo anafanya kazi ku magazini. Shefu iko pale pale. Dosie ya malipo ya ajali ingali inatembea.

Tumeomba wakubwa waweke ku karatasi ya ripoti kolone moja yenye inaitwa "Nani". Jibu lilifika kwa Kiingereza: "Your request has been noted." Tumeliweka ku dosie.

Kwa wakati huu, usitie saini karatasi yenye hausikie. Omba ya Kifaransa. Kama wanakataa, andika juu ya saini yako "lu sans comprendre" na tarehe. Ba mama, hiyo ni kwenu pia, juu karatasi nyingi zinafika ku nyumba wakati baba iko ku hospitali. Piga foto ya kila ukurasa, ata ule wenye unaonekana hauna maana. Kila siku ya posho, kisha saa nane, delege wako ku nyumba ya sendika. Tunasoma hizo ripoti pamoja, fraze kwa fraze. Kuja na bic.