Ulinzi wa Mungu wa Kila Siku: Tuliyojifunza Katika Safari ya Fundo



Wapendwa wanakamati wa sharika pamoja na wabia wetu, wakati wa mapitio ya bajeti tuliulizwa swali na mwanakamati mmoja. Alisema: "Kila kikao tunakifungua kwa kumwomba Mungu atulinde. Sasa mbona tunatenga fedha za majaketi ya kuokolea maisha? Je, hiyo si dalili ya kutoamini?" Swali hili si la mtu mmoja. Wengi wanalo moyoni, ila hawalisemi. Tumeona vyema tulijibu kupitia jarida letu.

Tulipozuiwa ufukweni

Fundo ni kisiwa kidogo kilichoko magharibi mwa Pemba, upande wa Wete, katika Mkoa wa Kaskazini Pemba. Hakuna daraja la kufika huko. Mvuvi, mwanafunzi, mgonjwa na mama mjamzito, wote huvuka kwa chombo cha baharini. Wakazi wengi hutegemea bahari kwa riziki yao, na karibu wote ni Waislamu. Sisi tulikwenda kama wageni, na tulipokelewa kwa heshima.

Asubuhi ya safari tulisali pamoja pale Wete, kisha tukaenda kwa nahodha tayari kuondoka. Nahodha, mzee wa makamo, alitazama bahari kwa muda, akatuambia tungoje. Ulikuwa msimu wa kusi na upepo ulikuwa unazidi. Mmoja wetu, akiwa na haraka ya ratiba, alisema: "Mzee wetu, tumeshasali. Twende tu." Nahodha alijibu kwa upole kwamba hata yeye alisali alfajiri, na kwamba Mungu aliyemwomba ndiye aliyempa macho ya kuutazama upepo. Tulingoja mpaka mchana. Tulivuka salama, lakini tulikuwa tumeaibika kidogo. Sisi tulikuwa tumeyageuza maombi yetu kuwa amri kwa Mungu.

Mkate wa kila siku ni nini?

Martin Luther, katika Katekisimo Ndogo ya mwaka 1529, alieleza ombi la mkate wa kila siku kwa upana mkubwa. Kwake mkate si chakula peke yake. Aliingiza humo mavazi, nyumba, mali, watu wa nyumbani walio waaminifu, utawala mwema, amani, afya, hali nzuri ya hewa na majirani wema. Tena alifundisha kwamba Mungu huwapa watu mkate hata bila wao kuomba, nao hupewa waovu pia. Sisi tunaomba ili tuutambue kuwa umetoka kwake na kuupokea kwa shukrani.

Tukifuata mafundisho hayo, nahodha mwangalifu ni sehemu ya mkate wetu wa kila siku. Vivyo hivyo utabiri wa Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania, fundi anayeziba mbao za dau, na mkunga wa zahanati. Mungu hulinda kwa mikono ya watu. Anayekataa mikono hiyo kwa jina la imani anakataa baraka aliyoiomba mwenyewe.

Mfano wa Paulo baharini

Matendo ya Mitume sura ya 27 inasimulia safari ya Mtume Paulo kwenda Rumi, katika meli yenye watu 276. Paulo aliwaonya wasiendelee na safari katika msimu ule mbaya, lakini hawakumsikiliza. Dhoruba ilipowapata, Mungu aliahidi kwamba hapana hata mmoja atakayepotea. Hata hivyo, mabaharia walipojaribu kutoroka kwa mashua, Paulo alisema kuwa bila wao wengine hawataokoka. Kisha aliwahimiza wote wale chakula wapate nguvu. Mwisho meli ilivunjika. Waliojua kuogelea waliogelea, na wengine walifika pwani juu ya mbao na vipande vya meli.

Tuangalie vizuri. Ahadi ilikuwepo, na mbao zilihitajika. Paulo hakuona kwamba vitu hivyo viwili vinapingana. Shetani ndiye aliyemtaka Yesu ajitupe kutoka juu ya hekalu kwa kutegemea malaika, na Yesu alikataa kumjaribu Mungu.

Je, wanaopotea hawakuamini?

Hapa lazima tuseme kwa uangalifu, maana Pemba ina majonzi yake. Usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba 2011, meli ya MV Spice Islander I ilizama ikitoka Unguja kwenda Pemba. Iliruhusiwa kubeba watu 645. Tume iliyoundwa na Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar ilibaini kuwa ilibeba zaidi ya watu 2,000. Familia nyingi za Pemba zilifiwa.

Wamo waliosali usiku ule na hawakurudi nyumbani. Hakuna anayeweza kusema kwamba imani yao ilikuwa ndogo kuliko ya walionusurika. Yesu mwenyewe, katika Injili ya Luka sura ya 13, alipozungumza juu ya watu 18 walioangukiwa na mnara wa Siloamu, alikanusha kwamba walikuwa wakosaji kuliko wengine. Kumtegemea Mungu si hati ya kutopatwa na mabaya. Ni kujua kwamba hata katika mauti hatutengwi na upendo wake. Na si haki kumsingizia Mungu jambo lililotokana na meli kujazwa kupita kiasi.

Hekima kwa kamati zetu

Wana wa Israeli waliokota mana ya siku kwa siku, lakini iliwabidi watoke hemani waiokote. Naye Yusufu aliweka nafaka miaka saba kabla ya njaa, na hakuna anayemwita mtu asiye na imani. Kwa hiyo tunaziomba kamati zijiulize mambo matatu kabla ya safari au mradi wowote: Je, tumemshukuru Mungu kwa vile alivyokwisha kutupa? Je, tumevitumia? Je, yupo jirani ambaye ulinzi wake umewekwa mikononi mwetu?

Swali la tatu ndilo zito zaidi. Kwa mtoto anayevuka kwenda shule, jaketi tunalolinunua linaweza kuwa jibu la sala ya mama yake, na sala hiyo hatutaulizia imesaliwa katika dini gani.

Basi, fungu la majaketi limebaki katika bajeti. Tunawashukuru wabia mnaochangia, na tunamshukuru mwanakamati aliyeuliza bila kuogopa. Tutaendelea kufungua vikao vyetu kwa sala. Na nahodha akituambia tungoje, tutangoja.

Mungu awabariki na kuwalinda.