Dhana ya Hofu ya Hisabati na Upimaji Wake kwa Wanafunzi wa Shule za Msingi

Makala hii inafafanua dhana ya hofu ya hisabati kama inavyotumika katika tafiti za watoto wa shule za msingi, kisha inahoji namna hofu hiyo inavyopimwa kwa Kiswahili. Hofu ya hisabati ni mfadhaiko unaomkabili mtu anapotakiwa kukokotoa. Si sawa na kutojua hesabu. Richardson na Suinn (1972) waliandaa kipimo chake chenye vipengele 98, na vipimo vya watoto vilifuata baadaye.

Namna hofu inavyovuruga ukokotoaji ilifafanuliwa na Ashcraft na Kirk (2001). Mtoto anayejumlisha 27 na 48 hana budi kushika akilini kumi moja iliyotokana na 7 na 8, huku akiendelea na safu ya makumi. Kazi hiyo hutegemea kumbukumbu tendaji, ambayo nafasi yake ni finyu. Mawazo ya kushindwa yanapoingia hugombea nafasi hiyohiyo, na ile kumi husahaulika. Mwalimu anayesahihisha daftari huona 65 tu.

Matokeo ya Ramirez na wenzake (2013), waliochunguza watoto wa madarasa mawili ya mwanzo nchini Marekani, yanastahili kuzingatiwa zaidi. Uhusiano kati ya hofu na alama duni ulijitokeza kwa watoto wenye kumbukumbu tendaji kubwa, si kwa wenzao. Yaani, wanaoathirika ni wale hasa ambao wangetarajiwa kufaulu.

Kwa mtafiti wa Tanzania, ugumu unaanzia kwenye hojaji. Kauli kama "ninaogopa mwalimu wa hisabati anaponiita ubaoni" humpa mtoto sababu mbili za kukubali: hesabu yenyewe, au kiboko, ambacho sheria ya Tanzania Bara bado inakiruhusu shuleni. Alama anayopata haitenganishi mambo hayo. Kuweka "wasiwasi" mahali pa "kuogopa" hakuondoi tatizo, maana chanzo bado hakijatajwa. Pendekezo la mwandishi ni kwamba kila kauli ya hisabati iwe na pacha wake wa somo jingine, mathalani kusoma kwa sauti mbele ya darasa. Pale ambapo majibu ya kauli hizo mbili yanalingana, mtafiti hana msingi wa kudai kwamba amepima hofu ya hisabati, hata kama alama za kipimo ziko juu.