Chumba, Ukuta na Nguzo: Kwa Nini Mawe Mawili Mepesi Hayana Nguvu Sawa

Makala haya yanatoka kidogo nje ya fasihi na isimu tulizozizoea katika jarida letu. Ninaeleza jambo ambalo kwetu Kivu Kaskazini hufundishwa kwa Kifaransa, ingawa wanaolihitaji kazini husema Kiswahili: nguvu ya kitu kigumu kilichojaa vitundu.

Mfano wa karibu uko Sake, wilaya ya Masisi. Kati ya 1938 na 1940 lava ya volkano ya Nyamulagira ilitiririka hadi Ziwa Kivu. Gesi iliyokuwa ndani yake ilifanya mapovu, na lava ilipopoa, mapovu mengi yakanaswa. Jiwe la namna hiyo ni ndugu wa asili wa povu la seramiki, yaani udongo uliochomwa ukawa mgumu huku umejaa vitundu. Ukishuka magharibi hadi Walikale, hali ni nyingine. Mchimbaji wa kasiteriti huko Bisie hulinyanyua jiwe na mkono humwambia mengi, kwa kuwa kasiteriti safi ina uzito wa takriban mara 7 ya maji ya ujazo uleule. Mwashi wa Masisi hawezi kutegemea uzito peke yake. Mawe yake mawili yaweza kulingana kwenye mizani, moja likabeba ukuta na jingine likapasuka.

Tulifikirie povu kama nyumba. Kila kitundu ni chumba. Vyumba hutenganishwa na kuta, na kuta zinapokutana hufanya nguzo.

Jambo la kwanza ni kiasi cha mango kilichobaki. Lorna Gibson na Michael Ashby, katika kitabu chao cha 1988, *Cellular Solids*, walionyesha kwamba nguvu hushuka haraka kuliko uzito. Katika povu lenye vyumba vilivyo wazi, ukipunguza mango kwa nusu, nguvu haibaki nusu; hubaki kama asilimia 35. Mzigo huzilazimisha nguzo nyembamba zipinde, na seramiki haijui kupinda: huvunjika.

La pili ni kuta. Chumba kilichofungwa pande zote kina kuta zinazosaidiana na nguzo. Chumba chenye madirisha huziachia nguzo kazi yote. Hata hivyo, madirisha yana faida: povu la kuchuja metali iliyoyeyushwa lazima liwe nayo, la sivyo metali haipiti.

La tatu ni umbo. Lava inapotiririka, mapovu huvutwa yakawa marefu. Jiwe kama hilo hustahimili zaidi mzigo unaofuata urefu wa vyumba, na huwa dhaifu mzigo unapovikandamiza ubavuni. Kwa hiyo jiwe lilelile hubadilika nguvu kulingana na namna lilivyolazwa ukutani.

La nne ni ufa. Mwaka 1921 A. A. Griffith alieleza kwamba kitu kikavu kama kioo huvunjika kuanzia kwenye ufa wake mbaya zaidi. Ufa ukirefuka mara 4, nguvu hupungua kwa nusu. Njia maarufu ya kutengeneza povu la seramiki, iliyopewa hataza Marekani mwaka 1963 kwa Karl Schwartzwalder na Arthur Somers, ina kasoro hiyohiyo. Sponji huchovywa katika uji wa udongo, kisha huchomwa. Sponji huteketea na kuacha nguzo zenye uwazi katikati, mara nyingi zikiwa na nyufa. Anayetaka povu imara hushughulikia nguzo hizo kwanza, kwa kuzijaza au kuzipaka tena udongo.

Sasa turudi kwenye kazi yetu ya lugha. Katiba ya mwaka 2006 inakifanya Kifaransa kuwa lugha rasmi, na Kiswahili kuwa mojawapo ya lugha 4 za taifa. Wengi hudhani mgawanyo huo unatokana na upungufu wa msamiati. Lakini chumba, ukuta, nguzo, dirisha na ufa vimetosha kueleza hoja zote nne, na mwashi anavijua vyote. Kilichokosekana ni mtu wa kuvipanga. Nyumba inapojengwa kwa jiwe lililolazwa vibaya, wanaolala ndani ndio wanaolipa gharama ya maelezo ambayo hayakuwahi kutolewa kwa lugha yao.