Mzigo Hautuliki kwa Kuambiwa Pumzika

Kila muhula unapofika ukingoni, walimu na wanafunzi hupewa nasaha ile ile: pumzikeni. Ni nasaha njema, lakini haina mpini wa kuishikia. Mwalimu mwenye madaftari sitini ya insha mezani, na karo ya mwanawe na kodi ya nyumba kichwani, hata akilala saa nane ataamka ayakute yale yale. Mtahiniwa wa kidato cha nne naye huyaota maswali. Mwili umelala, moyo ungali kazini. Kinachotakiwa ni desturi ya kuutua mzigo, na desturi hiyo kila mtu hana budi kujitafutia yake.

Wenyeji wa Mji wa Kale wa Mombasa waliliona jambo hili kabla ya wataalamu kulitungia jina la msongo wa mawazo. Pita Ndia Kuu au Kibokoni baada ya sala ya alasiri. Utaziona baraza za mawe zilizoshikamana na kuta za nyumba, watu wazima wameketi, na muuza kahawa na dele lake juu ya makaa. Kahawa ni chungu, kikombe ni kidogo, mazungumzo hayana ajenda. Mwenye deni huketi, mwenye kuuguza huketi, wala hapana amwulizaye leo amefaulu nini. Wengine hutembea hadi Mama Ngina, wakala mihogo kwa pilipili na ndimu chini ya mibuyu huku wakitazama meli zikiingia Kilindini.

Hata hivyo, tusiisifu baraza kupita kiasi. Baraza ya nje ni ya wanaume zaidi. Mwalimu wa kike atokaye shuleni jioni anangojwa na jiko. Tena baadhi ya baraza zimekuwa maskani ya kutafunia muguka, ambao Serikali ya Kaunti ya Mombasa ilitangaza kuupiga marufuku mwezi wa Mei 2024, na suala hilo likafika mahakamani. Atafunaye ili asahau hajautua mzigo. Ameuahirisha hadi alfajiri, na riba juu yake.

Upendeleo wangu mimi ni kalamu, na shahidi wangu ni mtoto wa Mombasa. Abdilatif Abdalla, aliyezaliwa mwaka wa 1946, alifungwa mwaka wa 1969 kwa sababu ya waraka wake wa kisiasa, *Kenya: Twendapi?* Hadi alipoachiliwa mwaka wa 1972, sehemu kubwa ya kifungo chake aliipitisha peke yake selini. Humo alitunga mashairi kwa siri, akiyaandika juu ya karatasi za choo. Yalichapishwa mwaka wa 1973 kwa jina la *Sauti ya Dhiki*, na mwaka uliofuata yakapata Tuzo ya Fasihi ya Jomo Kenyatta.

Sidai kwamba ushairi ulimwondolea dhiki. Jina la kitabu lenyewe lingenikanusha. Lakini hebu tuifikirie kazi ya vina na mizani. Mshororo wa mizani kumi na sita, nane kwa nane, hauiachi fikira ikimbie ovyo. Mtunzi hulipima neno, akalitupa, akatafuta jingine. Uchungu uliokuwa ukizunguka kichwani bila mwanzo wala mwisho hupata kituo.

Si washairi pekee wanaofaidika. Mwaka wa 1986 wanasaikolojia wa Marekani James Pennebaker na Sandra Beall walichapisha matokeo ya jaribio lao kwa wanafunzi wa chuo kikuu. Kwa siku nne mfululizo, dakika kumi na tano kila siku, baadhi yao waliandika juu ya mambo mazito yaliyowahi kuwasibu, tukio lenyewe pamoja na hisia zao. Wengine wakaandika mambo ya kawaida tu. Walioandika mazito walijihisi vibaya zaidi mara tu walipoweka kalamu chini. Lakini katika miezi iliyofuata walikwenda zahanati ya chuo mara chache kuliko wenzao. Kwa hiyo anayejaribu leo na kuinuka na macho mekundu asidhani amekosea. Na ikiwa jambo lenyewe ni zito mno kulikabili peke yake, amwendee mshauri au daktari.

Ajabu ni kwamba sisi walimu, tunaosahihisha maelfu ya kurasa, mara nyingi hatuna hata ukurasa mmoja wetu. Dakika kumi na tano zinapatikana: kabla ya kengele ya asubuhi, au katika foleni ya feri ya Likoni. Madhali hapana atakayesoma, sarufi isikushughulishe.

Mwanafunzi naye apewe fursa hiyo hiyo, kwa sharti moja ambalo sisi wenye kalamu nyekundu hutuwia vigumu: daftari hilo halikusanywi, halitiwi alama, wala halisomwi mbele ya darasa.