Sahihi ya Serikali kwenye Mkopo wa Meli

Ukishapita Kiserian na kuanza kupanda kuelekea Kona Baridi, hukosi kupishana na boza la maji likinguruma mlimani. Tuseme mwenyewe alilinunua kwa mkopo wa Sacco, na mwalimu jirani akawa mdhamini wake. Siku ya kutia sahihi mwalimu hakutoa hata shilingi. Injini ikifa na mwenye boza azime simu, mshahara utakaokatwa ni wa mwalimu.

Serikali inayodhamini mkopo wa meli ni mwalimu huyo huyo, ila mshahara unaokatwa ni ushuru wetu. Meli kubwa huchukua miaka kujengwa, na kabla haijashuka majini haiingizi senti. Benki ikimwona mkopaji wa aina hiyo hupandisha riba, au hutaka alipe upesi. Hazina ikitia sahihi, riba hushuka na muda hurefuka.

Wamarekani wana mpango wa namna hiyo, Title XI, uliotokana na sheria yao ya meli za biashara ya 1936. Unaweza kudhamini hadi asilimia 87.5 ya gharama kwa miaka 25, na wenye karakana wanaotaka kununua winchi mpya au kupanua chelezo nao wamo. Lengo ni mafundi wa Marekani wasikose kazi. Basi, kampuni ya American Classic Voyages ikadhaminiwa zaidi ya dola bilioni moja kwa meli mbili za watalii za kujengwa Pascagoula, Mississippi. Oktoba 2001 ikafilisika, meli zikiwa hazijakamilika, na Serikali ikalipa takriban dola milioni 187. Kichekesho ni kwamba mojawapo ilikokotwa hadi Ujerumani, ikamaliziwa na mafundi wa huko, na leo ndiyo Pride of America.

Kwetu, kifungu cha 58 cha Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya 2012 kinataka idhini ya Bunge, mradi wa maendeleo, na mkopaji mwenye uwezo wa kulipa; akiwa mtu binafsi, aweke rehani ya kutosha. Maneno mazuri. Hata hivyo mwaka 2017 Serikali ilidhamini mkopo wa ndege za Kenya Airways wa dola milioni 525, na Hazina ikaishia kuulipa yenyewe.

Kwa Kenya Shipyards, iliyojenga MV Uhuru II pale Kisumu pamoja na Damen ya Uholanzi, sioni haja ya dhamana. Kampuni ni ya Serikali, chini ya Wizara ya Ulinzi. Mkopaji na mdhamini mfuko wao mmoja. Afadhali pesa zipite kwenye bajeti, tuzione. Dhamana ingewafaa zaidi wenye karakana binafsi za Mombasa, mradi hasara inayotarajiwa itengewe fungu siku ile ile ya sahihi, kama Wamarekani walivyojilazimisha kwa sheria ya 1990.

Na mzigo utakaolipa mkopo wa meli je? MV Uhuru ya kwanza, ya miaka ya 1960, hubeba mabehewa ya mafuta hadi Port Bell, Uganda; mteja anajulikana kabla nanga haijang'olewa. Mwalimu wa Kona Baridi naye, kabla ya kushika kalamu, angeuliza boza litauza maji kwa nani.