SSD iliyotumika inafaa kwenye kompyuta ya nyumbani, ila weka nakala

Kama kompyuta uliyopewa ulipofika hapa Marekani inachukua dakika kadhaa kuwaka, usikimbilie kununua nyingine. Mara nyingi kinachoichelewesha ni diski ngumu iliyomo ndani, ile yenye visahani vinavyozunguka. Ukiitoa na kuweka diski ya SSD, hata iliyokwisha kutumiwa na mtu mwingine, mashine ileile itaenda kwa kasi ambayo hukuitarajia. SSD haina kitu kinachozunguka. Inahifadhi kila kitu kwenye chipu, kama flashi.

Kabla ya kuchukua SSD ya zamani, tazama umbo lake. Zipo bapa za inchi 2.5 zinazoingia palepale pa diski ya laptopu, na zipo nyembamba kama ubao wa chingamu, ziitwazo M.2, ambazo kompyuta nyingi za zamani hazina mahali pa kuzichomeka. Kisha ipime. Programu ya bure ya CrystalDiskInfo, ya Windows, inasoma hali ya diski na kuonyesha rangi: bluu ni nzima, njano ni tahadhari, nyekundu ni mbovu. SSD nyingi huonyesha pia asilimia ya uhai uliobaki. Ya njano au nyekundu usiiweke kwenye kompyuta, hata kama ni ya bure.

Hata hiyo ya bluu haina dhamana. Chipu za SSD huchakaa kwa kuandikwa na kufutwa mara nyingi, na tofauti na diski ya visahani, ambayo mara nyingi huanza kugonga au kukwaruza kabla ya kufa, SSD inaweza kufanya kazi vizuri jioni na asubuhi kompyuta isiione kabisa. Sasa fikiria ulichohifadhi humo: picha ya I-94, vyeti vya chanjo vya watoto, barua za shule, picha za wazazi waliobaki kambini. Mkimbizi hutakiwa kuomba green card baada ya kukaa hapa mwaka mmoja, na wakati huo utavihitaji baadhi ya vitu hivyo. (Karatasi halisi zitunze pia, picha yake haichukui nafasi yake.)

Kwa hiyo ile diski ya visahani uliyoitoa, kama bado ni nzima, usiitupe. Nunua kasha la USB, uitie humo, nayo iwe ya nakala. Kwa kazi hii mwendo wa polepole si kitu. Iliyotoka kwenye laptopu hupata umeme kwa waya wa USB. Ile kubwa ya kompyuta ya mezani inahitaji kasha lenye waya wake wa umeme. SSD ya pili inaweza kufanya kazi hiyo pia, ila usiiache kabatini mwaka mzima, kwa sababu SSD iliyochakaa ikikaa muda mrefu bila umeme inaweza kupoteza ilichohifadhi.

Chagua siku moja ya juma. Chomeka diski ya nakala, nakili folda zako, fungua faili mbili tatu uone kama zinasomeka, kisha ichomoe. Kuichomoa ni lazima: kirusi kinachofunga faili na kudai pesa hufunga kila diski kinachoikuta imechomekwa.

Nakala ya tatu ikae nje ya nyumba, kwa sababu moto au mwizi huchukua kompyuta na diski yake pamoja. Akaunti ya Google hutoa nafasi ya GB 15 bure, inayotosha nyaraka na picha chache muhimu. Angalia tu kwamba folda inayojilinganisha yenyewe na intaneti si nakala kamili: mtoto akiifuta kwenye kompyuta, kule nako inafutika. Ni afadhali upandishe faili hizo kwa mkono.