Je, Wajua? Breki Isiyogandisha Tairi

Bodaboda ikiteremka kutoka Newala kwenda Masasi, na gunia la korosho nyuma, breki ya ghafla hugandisha tairi na pikipiki huteleza. ABS, mfumo wa breki isiyogandisha tairi, iliyofungwa kwenye pikipiki ya BMW mwaka 1988, huhisi gurudumu linataka kuganda, ikalegeza breki na kuikaza upya mara kadhaa kwa sekunde.

Utafiti wa 2015 ulikuta kwa pikipiki zenye ABS ajali zenye majeruhi zimepungua asilimia 24 Italia, 29 Hispania, 34 Sweden. Umoja wa Ulaya uliilazimisha ABS kuanzia 2016 kwa aina mpya za pikipiki zinazozidi cc 125. Bodaboda zetu nyingi hazina.

Lakini kwenye mchanga wa Mnyambe, Newala? Huko ABS yaweza hata kuchelewesha kusimama, kwani tairi lililoganda hujichimbia.